Vinitaly, Robertson ama tubaki hapa hapa Malindi: uende wapi kuonja waini?

Masika yakikaribia, hoteli za Casuarina na Silversands zinaanza kuhesabu siku za kufunga, na kwa wale tunaoshika chupa na glasi kila jioni swali linakuja lile lile. Mtu amejibana msimu mzima, ana akiba yake kidogo, anataka safari hii aende tamasha kubwa la waini aonje mpaka ajue anachomimina. Sasa aende wapi? Kuna wanaosema Verona bila kufikiria mara mbili manake sisi Malindi tumelelewa na Wataliano, kuna wanaosema Sauzi manake hakuna viza, halafu kuna wale wabahili wanaosema pesa hiyo nunua chupa ukae nyumbani. Mie nimeyasikia yote na naona kila upande una haki yake, ila si haki ya mtu yule yule.

Hebu tuziweke mezani.

Ya kwanza ni Vinitaly, kule Verona, kaskazini mwa Italia. Hii ndo mama wa maonyesho ya waini ya Kitaliano. Ilianza 1967, mwaka ule ule Wataliano waliporusha setilaiti yao ya San Marco 2 kutoka baharini pale Ngomeni, nawakumbusha tu ndugu zangu wa Ngomeni wajivune kidogo. Siku nne, Jumapili mpaka Jumatano, mwezi wa nne, kampuni zaidi ya 4,000 chini ya mabanda, na mwaka 2024 waliingia watu karibu 97,000.

Ya pili ni Wacky Wine Weekend, bonde la Robertson, Western Cape huko Afrika Kusini, kilomita 160 hivi kutoka Cape Town. Kwa kawaida ni mwezi wa sita. Hapa hakuna ukumbi mmoja, mashamba yenyewe yanafungua milango wikendi nzima na wewe ndo unatoka shamba hili kwenda lile na glasi yako.

Ya tatu ni kubaki. Ama unakwenda hadi Nairobi kwenye siku za kuonja zinazoandaliwa na wale wanaoagiza waini kutoka nje, ama mnakusanyika wenyewe hapa Malindi watu wanane na kila mtu aje na chupa. Najua kuna atakayesema hiyo haiitwi tamasha, na ni kweli, lakini inagombania pesa ile ile iliyoko kwenye kibubu chako, kwa hiyo nayo lazima ipimwe.

Tunapima kwa nini

Mie nimeangalia vitu hivi: nani anaruhusiwa kuingia, wakati wenyewe unaangukia wapi na kazi zetu, karatasi, pesa inakwenda wapi hasa, waini utakayoikuta, utarudi unajua nini, na mwili wako utastahimili vipi. Ukubwa wa jina sijauweka. Mgeni akikuuliza usiku ule kati ya hii na ile ipi inakwenda na kamba wa kuchoma, hatakuuliza ulipiga picha wapi.

Mlangoni

Vinitaly yenyewe ni ya watu wa biashara, na hapa wengi hawajui wanabeba begi wakidhani ni sherehe ya kila mtu. Unajiandikisha kama mtu wa kazi, yaani una hoteli, una mkahawa, duka, unaagiza, unamimina, na unataka uwe na kitu cha kuonyesha hivo. Kama wewe ni mpenzi wa waini tu, huna biashara yoyote, wamekutengea upande wako unaitwa Vinitaly and the City, unafanyika mjini katikati, kwenye Piazza dei Signori na viwanja vya jirani yake, wikendi ile maonyesho yanapoanza. Unanunua tokeni, kila tokeni glasi moja. Inapendeza sana lakini usichanganye, ile ni matembezi na muziki na jioni nzuri, huku kwenye mabanda ndo kuna wenye mashamba wanaongea bei na makontena.

Robertson haina mambo hayo, ukiwa na miaka 18 na tiketi umeingia, mwenye hoteli na fundi wa bodaboda wako sawa. Kwa watu wa biashara Sauzi wana maonyesho mengine kabisa yanaitwa Cape Wine, Cape Town, lakini hayo hayaji kila mwaka, ya mwisho yalikuwa Septemba 2025, kwa hiyo leo siyahesabu.

Ya hapa nyumbani mlango ni wako. Nairobi mara nyingi siku ya kuonja inagawanywa, mchana watu wa kazi, jioni watu wote, muulize anayekuuzieni waini hotelini akutie kwenye orodha, wao wenyewe wanataka uje.

Wakati

Hapa ndo Malindi tuna bahati ambayo watu wa Nairobi hawana. Mwezi wa nne msimu umelala, Pasaka ikipita hoteli nyingi zinafunga mpaka mwezi wa saba, na wewe uko nyumbani kwa likizo isiyo na malipo unatazama mvua. Vinitaly inaangukia hapo hapo. Tatizo ni kwamba muda unao lakini mshahara huna, kwa hiyo pesa ya Verona inatoka kwenye tipu za Desemba mpaka Februari au haitoki kabisa. Na angalia Pasaka, ikiwa mapema uko huru, ikichelewa ikaja baada ya Vinitaly bosi hakuachilii ng'o, manake wiki ile ndo ya mwisho ya kuvuna.

Juni ya Robertson nayo iko ndani ya msimu uliolala, na imekaa vizuri zaidi kidogo, manake ukirudi wiki chache tu hoteli zinafunguliwa, na yale uliyoonja bado yako ulimini. Hili si dogo. Mtu aliyeonja Aprili akafungua chupa ya kwanza kwa mgeni Julai katikati, ameshasahau nusu, isipokuwa aliandika.

Nyumbani ni wakati wowote, na ndo shida yake pia, manake jambo la wakati wowote halifanyiki. Mnapanga Jumatatu, mmoja ana harusi, mwingine kaitwa shifti, imekufa.

Karatasi

Italia ni viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, na hakuna njia ya mkato. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari lazima ifike yuro 30,000, stetimenti za benki, barua ya kazi, mahali pa kulala, tiketi ya kurudi. Unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla, na mie nasema omba mapema kadiri unavyoweza, siku 15 kabla ndo mwisho kabisa na hiyo ni kujitafutia presha. Na kumbuka ukinyimwa ada hairudi. Kitu kinachowaangusha watu wetu ni stetimenti: mshahara unapita kwa M-Pesa, tipu zinakaa mfukoni, benki inaonyesha shilingi mia nane, halafu unamwambia afisa unakwenda kuonja waini. Kama mpango wako ni Aprili, anza kupitisha pesa benki kuanzia Agosti. Yule mzee Mtaliano wa vila anayekwambia kila mwaka "ukija Italia nipigie", huu ndo wakati wa kujua kama alikuwa anamaanisha, manake barua yake ya mwaliko ya kukulaza kwake ina uzito.

Afrika Kusini Mkenya anaingia bila viza tangu Januari 2023, siku 90 kwa mwaka. Kitu kimoja usisahau, kile kikadi cha njano cha chanjo ya homa ya manjano, wanakiuliza, na chanjo lazima iwe imepigwa angalau siku kumi kabla ya safari. Unaweza kuwa na pasipoti safi na tiketi na kila kitu ukazuiliwa kwa ajili ya kikadi.

Nyumbani: kitambulisho. Tena hata hicho ni cha kupandia treni tu.

Pesa inakwenda wapi

Bei sitaziandika manake ukisoma mwezi ujao zimeshabadilika, lakini pesa inavyojigawa haibadiliki. Verona kinachokula si ndege peke yake, ni kitanda. Wiki ya Vinitaly vyumba vya Verona vinapanda mpaka unajiuliza kama wanakuuzia chumba ama nyumba. Wanaojua wanalala Vicenza, Padova, Brescia ama Mantova na kupanda treni ya asubuhi mpaka stesheni ya Porta Nuova, kutoka hapo viwanja vya maonyesho viko upande wa kusini, hata kwa miguu unafika. Ukilala kwa mwenyeji hesabu inageuka kabisa. Ndege zile za chata zinazowaleta Wataliano Mombasa huwa zinajaribu watu, lakini msimu ukiisha nazo zinapungua, usipange safari yako juu yake kabla hujauliza.

Robertson ndege iko chini kuliko ya Ulaya, Nairobi hadi Johannesburg ni masaa manne hivi halafu unaunganisha Cape Town, na chakula na malazi si ya kuumiza ukiwaza bei za Watamu. Kinachokula kule ni gari. Mashamba yametawanyika bondeni, huendi kwa miguu, na sheria yao kilevi kwenye damu ni gramu 0.05 kwa mililita 100, kwa hiyo anayeonja haendeshi. Mkienda watu wanne mkalipa dereva mmoja ama mmoja wenu akakubali kuwa asiyekunywa, inawezekana vizuri. Ukienda peke yako inauma.

Nyumbani, ukienda Nairobi ni matatu mpaka Mombasa, treni ya SGR, kulala usiku mmoja kwa shangazi, kiingilio. Mkifanya Malindi ni chupa moja kila mtu na barafu. Ila mkianza kutoza watu mlangoni tayari ni biashara, mnahitaji leseni ya kaunti ya kuuza pombe, msije mkalala ndani kwa ajili ya kujielimisha. Na wenzetu wa Lamu, mnaofanya kazi hoteli za Shela, hiyo meza wekeni ndani ya hoteli kwa ruhusa ya meneja, pale Mji wa Kale kati ya misikiti haipendezi wala haifai.

Jambo moja linagusa Verona na Robertson sawasawa: ukirudi, forodha inakuruhusu lita mbili za waini bila ushuru. Chupa ya kawaida ni mililita 750, yaani chupa mbili. Watu wanajaza sanduku chupa tisa wanakuja kubishana uwanja wa ndege. Chagua mbili zako kwa akili.

Waini yenyewe

Kwa uchaguzi hakuna kinachofika Vinitaly. Mabanda yamepangwa kimkoa, unaingia la Toscana uko Toscana, unatoka unaingia Sicilia, Piemonte, Puglia, na wenyeji wa nyumba, Veneto, ambao ndo wengi wa Wataliano wa Malindi wanawaulizia bila kujua. Prosecco inatoka huko, zabibu yake inaitwa Glera, mapovu yake yanatengenezwa ndani ya tangi kubwa siyo ndani ya chupa. Soave ni ya huko, nyeupe, zabibu ya Garganega, na mie naona hii tunaidharau sana hapa pwani wakati inakwenda na changu wa kuchoma vizuri kuliko hizo Pinot Grigio tunazomimina kama maji. Na Amarone. Ukiwa Verona usipoonja Amarone hukufika. Zabibu za Corvina na wenzake wanazivuna halafu wanazianika kwenye vichanja miezi mitatu minne mpaka zinasinyaa, maji yanaondoka sukari inabaki, ndo wanakamua. Inatoka waini nzito, kilevi sheria inasema isipungue 14 kwa mia na nyingi zinafika 15, 16. Sasa jiulize nani Malindi anataka hiyo saa nane mchana joto digrii 32. Na ukiiweka na pilipili ya mbuzi, kilevi kingi na pilipili vinachocheana, mdomo unawaka moto mgeni anadhani jikoni wamemkosea. Kwa hiyo iheshimu, iandike, lakini usirudi kumshawishi bosi anunue katoni kumi.

Robertson uchaguzi ni mdogo, bonde moja, lakini ni bonde linalotuhusu. Ingia supamaketi yoyote hapa, angalia ile chupa nyekundu tamu ambayo wageni wa Nairobi wanaitisha Agosti na Desemba, soma lebo: Robertson Winery. Inatoka pale pale. Wataliano wanaicheka, waache wacheke, ndo inayolipa mishahara mwezi wa kumi na mbili. Ila bonde lina mengine ambayo hapa hatuyaoni sana, udongo wao una chokaa nyingi na Chardonnay inapenda chokaa, De Wetshof wamejijengea jina kwa hiyo, Graham Beck wanatengeneza ile ya mapovu inayoitwa Cap Classique, mapovu ndani ya chupa kama wanavyofanya Champagne, na kuna Muscadel tamu ya kumalizia chakula ambayo ukiimimina na kaimati nakwambia mgeni atauliza jina lako. Chenin Blanc pia, ndo zabibu iliyopandwa zaidi Afrika Kusini nzima, na mie kwa samaki wa kupaka sijapata mpinzani wake, tui la nazi linataka kitu chenye ukali wa ndimu lakini chenye mwili. Pinotage utaikuta, hiyo ni mtoto wa kwao kabisa, profesa Abraham Perold aliichanganya 1925 kule Stellenbosch kutoka Pinot Noir na Cinsaut. Wengine wanaipenda, wengine inawanukia mpira uliochomwa. Onja mwenyewe uamue.

Nyumbani unaonja kile kinachouzwa, hiyo ndo kasoro na ndo faida. Kasoro kwa sababu hutashangazwa. Faida kwa sababu kila unachokionja unaweza kukipata kesho, haina haja ya kumwambia mgeni "kuna moja nilionja Verona lakini hapa haipo". Na kuna za kwetu: Leleshwa ya Naivasha, na ukimpata mtu anayetoka Tanzania akuletee ya Dodoma. Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu hivi na tena wa nane tisa, jambo ambalo Mtaliano ukimwambia anakuuliza mara mbili kama umesema kweli. Hapo niongeze kitu: kama hamu yako hasa ni kuona zabibu zikining'inia, Verona Aprili mizabibu ndo kwanza inachipua, Robertson Juni ni baridi na mizabibu imepukutisha majani iko uchi kama vijiti. Zabibu utaziona Dodoma, na Mkenya hahitaji viza.

Utarudi unajua nini

Vinitaly anayekumiminia mara nyingi ni mwenye shamba mwenyewe au binti yake. Na hapa kijana wa Malindi ana silaha ambayo wahudumu wa Nairobi waliosomea vyeti hawana: Kitaliano. Unasimama stendini, jamaa ana foleni ya Wajerumani na Wamarekani wanaongea Kiingereza cha kusukumana, wewe unamwambia buongiorno, nafanya kazi Malindi, kule Kenya. Anaweka chupa chini. Shangazi yake ana nyumba Watamu, ama babu yake alikuja likizo mwaka gani sijui. Anainama chini ya meza anatoa chupa ambayo haikuwa juu ya meza. Hapo unauliza: hii kwenye joto la digrii 30 nikiiweka fridji dakika ngapi? Na anakujibu, kwa mkono, kwa mdomo, kwa mchoro kwenye kitambaa. Dakika kumi pale ni sawa na kozi, mradi ulikwenda na swali. Ukienda bila swali utazunguka mabanda siku nne utarudi na mfuko wa vipeperushi na miguu imevimba.

Robertson unajifunza kwa macho. Unaingia pishini, unaona mapipa, unaona tangi, unamuuliza mtu wa shamba kwa nini wakipogoa mizabibu wanaacha vijicho viwili vya kuchipua, anakueleza hapo hapo. Watu wana nafasi kidogo asubuhi na mapema, ikifika saa nane mchana muziki umeanza, vijana wamevaa manyoya ya kuku kichwani (ndo maana ya wacky, wanavaa vituko) na hakuna anayekueleza chochote kuhusu chokaa tena. Kwa hiyo asubuhi soma, mchana cheza.

Nyumbani ndo unajifunza kwa ulimi kuliko pote, na hili watu hawaniamini. Chukua chupa nane, zote zabibu moja, tuseme Sauvignon Blanc, ya Naivasha, za Sauzi, ya Kitaliano, ya Chile. Zifunge kwa gazeti la Taifa Leo na rababendi shingoni, namba kwa maka, asiyeonja amimine. Nyamaza, kila mtu aandike kabla ya kuongea, manake mtu mmoja akisema "hii ina nanasi" basi meza yote inaonja nanasi. Halafu gazeti linavuliwa. Chupa ya shilingi elfu moja imewashinda wakubwa zake, yule meneja aliyejifanya anajua anatazama simu. Hapo ndo unajua ulimi wako unasema nini bila lebo kukunong'oneza. Kwenye tamasha kubwa nafasi hiyo hakuna, lebo iko usoni mwako, na mwenye nayo anakutabasamia.

Joto tu ndo adui wa hapa. Nyeupe iwe digrii 8 mpaka 12, nyekundu 16 mpaka 18, na "joto la chumba" la vitabu vya Ulaya siyo chumba cha Maweni chenye bati. Nyekundu nayo ipite fridji nusu saa, hakuna aibu.

Mwili

Hesabu ndogo. Ukimiminiwa mililita 30 kila stendi, stendi 25 ni chupa nzima, na Vinitaly stendi 25 unazimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo kutema si ukosefu wa adabu, ndo kazi yenyewe, ndoo ziko kila meza, wakubwa wote wanatema. Jizoeze nyumbani kwenye sinki, kutema kwa mstari ulionyooka ni ufundi, ukitema ovyo unamlowesha jirani shati. Na wenzetu Waislamu wanaofanya kazi hii ya kuhudumia bila kuonja, wapo na ni hodari, wao kwa kweli kazi kubwa wanaifanya kwa pua na kwa kusikiliza, na Verona mtu wa kusikiliza na kuandika anatoka na mengi kuliko mlevi.

Nyekundu zenye ukakasi mwingi, ule unaokauka ulimi kama umetafuna bibo bichi, zinachosha mdomo haraka, ziache mwisho. Anza na za mapovu, nyeupe, halafu nyekundu, halafu tamu. Kula kwanza, tena kitu chenye mafuta. Na tafadhali, dada zangu na kaka zangu, siku hiyo hakuna udi, hakuna halud, hakuna mafuta ya asumini. Ukiingia banda lenye watu elfu ukinukia kama bibi harusi unawaharibia pua watu wa stendi tatu.

Robertson Juni ni kipupwe, usiku baridi ya kweli, jaketi ya Malindi ile ya kuendeshea bodaboda alfajiri haitoshi. Verona Aprili ni kibaridi cha asubuhi tu, lakini kusimama ni masaa nane juu ya sakafu ngumu, viatu vya kazi vile vile vyeusi unavyovijua ndo uende navyo.

Kwa hiyo wewe uko wapi

Kama unafanya kazi mkahawa wa Kitaliano, unaongea Kitaliano, bosi yuko tayari kukuandikia barua na ukipata wa kukulaza, Verona inakufaa kuliko mtu yeyote wa Kenya hii. Nenda na orodha ya watu kumi na mbili hivi unaotaka kuwaona kila siku, siyo zaidi, na maswali ya joto, ya samaki, ya bei ya kufikisha Mombasa.

Kama huna barua wala mwenyeji lakini Verona imekukaa rohoni tu, fikiria ile ya mjini ya tokeni, tena uiunganishe na safari nyingine, manake kusafiri Ulaya kwa glasi chache peke yake mie naona ni hasara.

Kama wageni wako ni wa Nairobi zaidi, au unauza waini dukani, ama wewe ni kundi la marafiki mnaotaka kufurahi na kujifunza kwa pamoja, Robertson. Bukini dereva kabla ya kitanda.

Kama wewe ni mgeni kabisa wa waini, hujui kama unapenda kavu au tamu, usipande ndege bado. Fanyeni meza ya gazeti mara kadhaa, mwende Nairobi siku moja ya kuonja, mtajua wenyewe swali lenu liko wapi, na huko kwingine kutakungojeni.

Kama una bosi anayelipa, mwambie Verona, halafu muombe kwa maandishi kabla hajasahau aliyoahidi. Na kama stetimenti yako saa hii inaonyesha shilingi mia nane, Robertson Juni ama Malindi Jumatatu, huku ukiendelea kupitisha tipu benki kwa ajili ya mwaka mwingine.